Aulizaye Ngamia ni wa Nani Hajashindwa

Fumbo la ngamia kumi na saba limezunguka dunia nzima. Mzee amefariki, ameacha ngamia 17 na wana watatu. Kwenye wasia ameagiza mkubwa apewe nusu, wa kati theluthi, na kitinda mimba tusui. Kumi na saba haigawanyiki kwa mbili, wala kwa tatu, wala kwa tisa, na nusu ya ngamia ni nyama. Wana wanakaribia kushikana mashati ndipo anapotokea msafiri mwenye hekima, anawaazima ngamia wake mmoja, wanakuwa 18. Mkubwa anapata tisa, wa kati sita, mdogo wawili. Jumla 17. Msafiri anampanda ngamia wake na kwenda zake. Hadhira inapiga makofi, na aliyeshindwa kulifumbua anaambiwa akili yake imelala.

Sasa lipeleke fumbo hilo Kinna, katika Isiolo Kusini nchini Kenya, kaskazini mwa Mbuga ya Taifa ya Meru, ambako wenyeji wengi ni Waborana na Waislamu. Kuna mashamba yanayonyweshwa maji, kuna maduka na shule, lakini mali inayotajwa kwanza ni mifugo. Ngamia hapo si pambo la hesabu. Mtegee mzee aliyewahi kukaa kwenye kikao cha kugawa urithi, wala usishangae asipotafuta kalamu. Atakuuliza. Wana hawa mama yao yu hai? Hawana dada? Marehemu aliacha deni? Katika hao 17 majike ni wangapi, na wenye mimba je? Na mzee Mwislamu alipata wapi ruhusa ya kuwabagua wanawe, huyu nusu, yule tusui?

Mtegaji atachoka. Atasema, "Mzee wangu, hayo hayamo, wewe jibu swali tu." Akirudi mjini atasimulia kwamba watu wa kule hawawezi kufikiria jambo lisilokuwa mbele ya macho yao.

Rai hiyo imeenea kuliko tunavyokiri. Utaisikia kwa walimu waliopelekwa kaskazini wasikotaka kwenda, kwa wanaotunga mitihani ya kuajiri watu, na kwa wazazi wa mjini wanaonunua vitabu vya chemsha bongo kila likizo. Wanasema chemsha bongo hupima akili yenyewe, akili tupu, kwa sababu haihitaji elimu wala mtaji. Asiyeweza, basi ubongo wake ni butu, na dawa yake ni kuzidisha mafumbo mpaka unoleke. Naipinga rai hiyo yote. Ninachodai ni kwamba anayekataa masharti ya fumbo mara nyingi ndiye aliyefikiri zaidi ya wote waliolijibu, na kwamba tumejijengea desturi ya kumwadhibu kwa hilo.

Tuanze na ngamia wenyewe. Jumlisha nusu, theluthi na tusui. Hupati kitu kizima. Unapata sehemu 17 za 18. Maana yake wasia ule ulikuwa na kasoro tangu siku ulipoandikwa: sehemu moja ya kumi na nane ya mali haikupewa mtu. Msafiri hakutatua chochote. Aliziba tundu kwa ngamia wake, akagawa, kisha akamchomoa kabla hawajaliona. Nusu ya 17 ni ngamia wanane na nusu, mkubwa akapewa tisa. Wa kati na mdogo nao walizidishiwa. Kwa hiyo wasia haukufuatwa, ulivunjwa kwa tabasamu, na hakuna aliyelalamika kwa kuwa kila mmoja alitoka na zaidi ya alichoandikiwa. Aliyeuliza "mbona hivi?" alikuwa karibu na kasoro hiyo kuliko aliyekariri tisa, sita, mbili.

Kwa mtu wa Kinna, isitoshe, jambo hili halikuanzia kwenye kitabu cha mafumbo. Mirathi ya Kiislamu ina mafungu sita yaliyotajwa katika Qur'ani: nusu, robo, thumni, theluthi mbili, theluthi na sudusi. Tusui haimo. Wana wa kiume hawapewi fungu la kutajwa. Wao ni asaba, hugawana kinachobaki, sawa kwa sawa, na wakiwa na dada, kila dada huchukua nusu ya anachochukua kaka. Mjane mwenye watoto hukatiwa thumni kwanza. Deni hulipwa kabla ya mgao wowote. Wasia hauvuki theluthi ya mali, wala hauandikwi kwa mrithi ila warithi wenzake waridhie. Katika Kenya hukumu za namna hii ni za mahakama za kadhi, zinazotambuliwa na kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010, na Isiolo mjini ipo mahakama hiyo. Ukimfikishia kadhi wasia wa ngamia 17 kama ulivyo, hatakuazima ngamia. Atauweka kando.

Na iwapo mafungu hayajumliki kuwa kitu kizima? Wanavyuoni walilikuta tatizo hilo zamani, tena likiwa na machozi ya watu halisi, wakaliwekea kanuni mbili. Mafungu yakipungua, kinachobaki hurudishwa kwa wenye mafungu kwa uwiano wa haki zao. Hiyo ni raddi. Yakizidi, kila fungu hupunguzwa kwa uwiano uleule. Hiyo ni auli. Mfano wa auli unaofundishwa kila darasa la faraidhi, yaani elimu ya mirathi, ni huu: mwanamke amefariki bila mtoto wala mzazi, ameacha mume na dada wawili wa baba na mama mmoja. Fungu la mume ni nusu. La dada wawili ni theluthi mbili. Jumla ni sehemu saba za sita, yaani mali haitoshi. Mahali pa sita weka saba: mume achukue tatu, dada wachukue nne. Kama marehemu aliacha ngamia saba, mume ataswaga watatu na kila dada wawili. Hakuna msafiri aliyepita, hakuna ngamia wa kuazima, na kila mmoja anajua amepunguziwa kiasi gani na kwa nini.

Mtazame tena yule msafiri kwa jicho hilo. Alichofanya ni raddi iliyofichwa. Uwiano wa nusu, theluthi na tusui ni tisa kwa sita kwa mbili, na hayo yote ni 17. Mtu aliyesoma faraidhi angemaliza kazi kwa sentensi moja, kisha angeendelea na swali la maana zaidi, la mama yao. Na aliyezitawanya hadithi za namna hii karne iliyopita hakuwa Mwarabu wa jangwani. Ni Júlio César de Mello e Souza, mwalimu wa hesabu wa Brazili aliyejiita Malba Tahan, ambaye katika kitabu chake cha 1938 ngamia ni 35 na mgawaji anaondoka na ngamia mmoja wa ziada kama ujira wake. Hilo la ujira angalau lina ukweli wa dunia.

Mashahidi wa rai ninayoipinga hupenda kwenda mbali zaidi ya mzaha. Watakutajia sayansi. Mwaka 1931 na 1932 mwanasaikolojia wa Kisovieti, Alexander Luria, alikwenda Uzbekistani na Kirigizia kuwahoji wakulima na wafugaji wasiosoma. Miongoni mwa maswali yake ni lile la dubu: kaskazini ya mbali, kwenye theluji, dubu wote ni weupe, mahali fulani pako kaskazini ya mbali, dubu wa huko wana rangi gani? Wengi waliohojiwa walikataa kujibu. Walisema hawajafika huko, wao wamewaona dubu weusi tu, kila nchi ina wanyama wake. Mmoja alieleza kwamba mtu mzima aliyewaona kwa macho yake akija kusimulia, huyo anaweza kuaminiwa. Matokeo hayo yamesomeshwa vyuoni tangu miaka ya sabini, na wengi wamebeba tafsiri moja: asiyesoma hawezi kutoa hitimisho kutoka kwa maneno matupu.

Lakini hebu msikilize vizuri huyo mfugaji. Anasema: nisichokiona wala kuambiwa na mtu wa kuaminika sikisemei, dubu wa huko sijawaona, na wewe sikujui, kwa hiyo siwasemei. Kuna kanuni ya jumla, kuna hali mahususi, kuna hitimisho. Ni hoja kamili ya kimantiki, tena haina ufa. Alichokataa ni kuchukua neno la mgeni kama msingi wa ushahidi. Aliyemhoji alikuwa anapima utiifu, akadhani anapima mantiki.

Tena ulikuwa wakati gani? Ndio wakati ambapo serikali ya Stalin ilikuwa ikiwanyang'anya watu mashamba na mifugo na kuwatia kwenye ushirika wa lazima. Mtu wa serikali anakuja na daftari, anauliza maswali ya ajabu, anaandika kila neno. Mwenye akili timamu atajibu nini kama si "sijui, sijafika"?

Watu wa Waso, yaani Waborana wa Isiolo, hawahitaji kuelezwa hilo. Vita vya shifta vilianza 1963, na katika miaka iliyofuata Waborana wa Isiolo walikusanywa kwenye vijiji vya kulindwa na askari, Garba Tulla ikiwamo, mifugo ikafa au kuchukuliwa, na matajiri wa ngamia wakawa wasubiri posho. Kipindi hicho wanakiita Gaafa Dhaabaa. Kabla yake alikuwapo mkusanya kodi wa mkoloni. Katika historia kama hiyo, swali "mtu ana ngamia kumi na saba" halikuwahi kuwa la burudani. Mtoto alifundishwa kwamba mgeni akitaja idadi ya mifugo, kwanza ujue anayeuliza ni nani na anaitakia nini. Mwalimu anayeona uzito wa kujibu na kuuita uzito wa akili amesoma ukurasa mmoja tu wa daftari.

Watafiti wenyewe walikwisha kulisahihisha jambo hili, ingawa habari haijafika madarasani. Sylvia Scribner na Michael Cole walifanya kazi kwa Wavai wa Liberia, ambao wana maandishi yao wanayojifunza nyumbani, nje ya shule. Kitabu chao cha 1981 kilionyesha kwamba kujua kusoma na kuandika kwa Kivai hakukumwezesha mtu kujibu mafumbo ya mtindo wa dubu. Kilichomwezesha ni kukaa darasani. Kwa maneno mengine, mafumbo hayo yalikuwa yakipima kama umezoea mchezo wa shule, mchezo ambao anayeuliza anajua jibu na wewe unatakiwa ujifanye hujui kwamba anajua.

Hapa kwetu Kenya upo ushahidi wa karibu zaidi. Robert Sternberg na wenzake, akiwamo Profesa Frederick Okatcha wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, waliwapima watoto 85 wa Usenge, kando ya Ziwa Viktoria, wenye umri wa miaka 12 hadi 15. Waliwauliza kuhusu dawa za miti zinazotibu maradhi ya pale: ipi ya tumbo, ipi ya minyoo, unaitumiaje. Waliwapa pia mitihani ya kawaida. Matokeo yaliyochapishwa 2001 yalionyesha kwamba waliojua dawa vizuri walielekea kupata alama za chini katika mtihani wa msamiati. Mtoto ana siku moja yenye saa zilezile. Aliyezitumia kwa babu kondeni hakuzitumia kwa kamusi. Wala hakuna mtu mwenye haki ya kusema mmoja alikuwa anafikiri na mwingine hafikiri.

Mtu atanijibu kwamba hao ni watu wa mashambani, tuwaangalie wasomi. Haya, tuwaangalie. Mwaka 1966 Peter Wason, mwanasaikolojia wa London, aliwapa wanafunzi wa chuo kikuu kadi nne. Kila kadi ina herufi upande mmoja na namba upande wa pili. Mezani zinaonekana E, K, 4 na 7. Kanuni: kadi yenye irabu upande mmoja ina namba shufwa upande wa pili. Ni kadi zipi lazima uzigeuze kujua kama kanuni imevunjwa? Jibu ni E na 7. Fumbo hilo limerudiwa mara nyingi sana tangu hapo, na kwa kawaida hata mmoja kati ya kumi halipati. Hao ni vijana wa vyuo vikuu, si wachunga mbuzi.

Mantiki ileile ivalishe nguo za Kinna. Gari linalosafirisha ng'ombe sharti liwe na kibali cha kuhamisha mifugo. Umesimama kizuizini, magari manne yamefika. La kwanza unaona lina ng'ombe. La pili lina vitunguu. Dereva wa tatu amekuonyesha kibali, mzigo wake umefunikwa turubai. Dereva wa nne amekiri hana kibali, na mzigo wake pia umefunikwa. Utakagua yapi? Kijana yeyote wa sokoni atakwambia: la kwanza nitadai kibali, la nne nitafunua turubai. Ni E na 7 haswa. Richard Griggs na James Cox walifanya jaribio la namna hii huko Florida mwaka 1982 kwa sheria ya umri wa kunywa bia, na takriban robo tatu ya wanafunzi wakapata. Akili haikuongezeka kati ya jaribio la kwanza na la pili. Kilichoongezeka ni sababu ya kuuliza.

Kwa hiyo anayesema fumbo tupu ndilo kipimo safi, kwa kuwa limevuliwa mambo ya dunia, amegeuza kichwa kuwa miguu. Ukilivua mambo ya dunia, hata aliyesoma hadi chuo kikuu anapotea.

Kisa kitamu kuliko vyote ni cha milango mitatu. Nyuma ya mlango mmoja kuna gari, nyuma ya miwili kuna mbuzi. Unachagua mmoja, mwendesha mchezo anafungua mwingine wenye mbuzi, anakuuliza kama utabadilisha. Marilyn vos Savant, mwandishi wa safu katika jarida la Parade la Marekani, alijibu mwaka 1990 kwamba ubadilishe, maana ukibadilisha unashinda mara mbili kati ya tatu. Alipokea barua kama 10,000, nyingi za kumkemea, na karibu 1,000 zilitoka kwa watu wenye shahada ya uzamifu. Walikosea wao. Kisa hiki husimuliwa kila mara kuonyesha kwamba hesabu haidanganywi na vyeo, nami naafiki. Lakini kina sehemu ya pili ambayo husahauliwa. Mwaka 1991 mwandishi wa New York Times alimwendea Monty Hall mwenyewe, aliyeuendesha mchezo huo wa televisheni kwa miaka mingi. Hall akacheza naye nyumbani kwake na kumshinda. Siri yake? Alimpa nafasi ya kubadilisha pale tu alipokuwa amechagua mlango wenye gari. Hakuna kanuni iliyomlazimisha kufungua mlango kila mara. Jibu la theluthi mbili ni sahihi iwapo tu mwendeshaji amefungwa na sharti hilo, na sharti lenyewe halikutamkwa wazi. Wenye shahada walibishana juu ya jibu. Mzee wa televisheni aliuliza juu ya masharti.

Huyo tukimwita mjanja, kwa nini mzee wa Kinna tumwite mjinga?

Biashara ya kunoa ubongo sina haja ya kukaa nayo sana. Mwaka 2010 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Adrian Owen na wenzake uliohusisha watu 11,430 waliocheza michezo ya ubongo kwenye kompyuta kwa wiki sita. Kila mtu aliimarika katika mchezo alioucheza. Nje ya mchezo huo, hakuna. Mwaka 2016 kampuni iliyouza programu ya Lumosity ilikubali kulipa dola milioni 2 kumaliza mashtaka ya serikali ya Marekani kwamba iliwahadaa wateja kwa ahadi za aina hiyo. Mzazi anayetaka kununua kitabu cha chemsha bongo anunue, mtoto atafurahi. Asidhani amenunua akili.

Sasa mtanisikia nikisifu mafumbo ya kale na kuponda ya kisasa. Sivyo. Fumbo la kuvuka mto ni la kale sana. Ulaya linapatikana katika mkusanyiko unaohusishwa na Alcuin, mwanachuoni wa zama za mfalme Charlemagne, likiwa na mbwamwitu, mbuzi na kabichi. Zanzibar ni chui, mbuzi na majani ya mti. Katika lile la Ulaya jawabu ni hili: mvushe mbuzi kwanza, rudi, mchukue mwingine, rudi na mbuzi. Kwa Waila wa Zambia, hata hivyo, lilichukuliwa kwingine. Huko mtu ana chui, mbuzi, panya na kikapu cha nafaka, na mtumbwi hauwezi kubeba ila yeye na kimoja. Kwa idadi hiyo hakuna mpangilio utakaosalimisha vyote. Anafikiria kumwacha mmoja wa wanyama, anaona wote ni kama wanawe, mwisho anaamua kutovuka. Hilo nalo ni jibu, na limefikiwa kwa hesabu: njia zote zimejaribiwa, zote zina hasara asiyoikubali. Ukilileta katika mtihani wetu wa kuajiri litapata sifuri.

Kwenye mitihani ndipo hasa tulipoharibu. Kitendawili kina adabu yake. Mmoja anatega, wengine wanategua, wakishindwa wanatoa mji. Waborana nao wana vyao, hibboo, vya kutegana jioni. Katika mkusanyiko wa watu jibu hushindaniwa. Mtu akitega "nyumba yangu haina mlango," jibu la desturi ni yai. Mtoto mmoja akisema "kaburi," pale barazani patazuka ubishi mzuri: kaburi ni nyumba? Lina mlango likiwa bado halijafukiwa? Wakubwa wataamua, huenda akapewa ushindi, huenda akaambiwa nyumba "yangu" haiwezi kuwa kaburi na mimi ningali nasema. Hapo mantiki inafanya kazi, sharti moja moja linapimwa. Kisha tukakichukua kitendawili tukakitia kwenye karatasi ya Kiswahili ya KCPE, tukakipa majibu manne, A hadi D, na mashine ya kusahihisha. Mwenye "kaburi" amekosa, hakuna rufaa. KCPE ilifanywa mara ya mwisho 2023, lakini desturi yake haikuzikwa nayo. Kizazi kizima kimejifunza kwamba kufumbua ni kukumbuka jibu la mwingine.

Watu wa chemsha bongo huishi wakisema maisha ya mfugaji hayana mazoezi ya mantiki. Hawajawahi kupanga zamu ya kisima. Katika nchi ya Waborana zamu hiyo ina msimamizi wake, abba herega. Wakati wa kiangazi ng'ombe wanaweza kunyweshwa kila siku ya tatu. Tuseme kisima kinatosha ng'ombe 300 kwa siku. Basi kinabeba 900 kwa mzunguko. Amekuja mgeni na 60, wake wamekaa siku ya nne bila maji. Ukimwingiza leo, 60 wa wenyeji wanasogea hadi kesho, wa kesho wanasogea, na siku ya tatu kuna watu watakaotaka damu. Ukimkataa, mwakani mvua ikinyesha kwake na kukosekana kwako, utakwenda kwa nani? Na hapo bado hujaweka ngamia wanaokuja mara chache lakini wanakunywa sana, wala hujauliza nani alishiriki kuchimba. Nyumbani nako kuna hesabu nyingine: wangapi wa maziwa wabaki na watoto na wazee, kundi la warra, na wangapi waende mbali na vijana, kundi la fora. Ukibakisha wengi nyasi zinaisha. Ukipeleka wengi mtoto analala njaa. Kati ya 2020 na 2023 misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo katika kaskazini ya Kenya, na kila nyumba ililazimika kujibu swali hilo upya kila mara. Nyuma ya swali hilo hakuna ukurasa wa majibu.

Pingamizi moja nalikubali, nusu yake. Watasema: mtoto akizoea kukataa masharti hatajifunza aljebra, hataandika programu ya kompyuta, maana huko lazima useme "tuchukulie kwamba." Ni kweli. Kuchukulia ni ufundi, na mtoto wa Kinna anastahili kufundishwa kama wa Nairobi. Lakini ufundi huo ulitoka wapi? Al-Khwarizmi alipoandika kitabu chake cha aljebra Baghdad mnamo 820, sehemu kubwa ya kitabu aliitoa kwa matatizo ya wasia na mirathi: mke apate nini, mwana apate nini, deni likatwe vipi. Aljebra ililelewa na maswali yaleyale anayoulizwa mtegaji wa ngamia 17 na kuyaona ya kishamba. Aliyeuliza "mama yao yu hai?" hakutoka nje ya hesabu. Amekuonyesha namba uliyoisahau kuiandika.

Kwa hiyo sidai mafumbo yafutwe. Nadai yabadilishwe namna yanavyosahihishwa. Walimu, wakaguzi, na ninyi mnaowapimia vijana wa kaskazini kazi kwa karatasi ya maswali ishirini: chini ya kila swali, baada ya A, B, C na D, ongezeni nafasi moja ya E, "maelezo hayatoshi, ninahitaji kujua hili," pamoja na mstari wa kuandika ni lipi. Kisha mumpe alama kamili aliyeijaza kwa haki.